PIKIPIKI YA PORINI NA BARABARA YA LAMI
Hati hutangulia, taa hufuata

Akaaye ndani ya Ganze au Magarini, mbali na bahari, huzijua njia za namna mbili kwa safari moja. Atokapo nyumbani hukanyaga mchanga, mawe na makorongo; baadaye hufika barabara ya lami iendayo Malindi, Kilifi na Mombasa, ambako malori na matatu hupita kwa kasi. Kwa mtu kama huyo pikipiki ya porini, ile nyepesi iliyoinuka juu, yenye springi ndefu na mipira ya meno, huonekana kuwa dawa ya taabu zake. Muuzaji naye aweza kumwambia, “Haina kasoro, imekosa taa tu.”

Neno hilo lina hatari. Pikipiki iliyotengenezwa kwa mashindano ya porini hukosa mambo mengi zaidi ya taa, na lililo kubwa kuliko yote halionekani kwa macho.

Hati kwanza

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Imerekebishwa mara nyingi tangu siku hiyo, lakini msingi wake ungalipo: chombo cha moto hakiruhusiwi barabarani mpaka kiandikishwe. Kazi ya kuandikisha hufanywa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, yaani NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Pikipiki iliyoandikishwa hupewa namba ianzayo na herufi KM, pamoja na kitabu cha umiliki ambacho wengi hukiita logibuku.

Ili pikipiki iliyotoka ng’ambo iandikishwe, sharti pawe na hati za forodha zinazoonyesha kwamba iliingia nchini kwa halali na ushuru wake ukalipwa. Hapa ndipo wengi hunaswa. Mashine iliyoingizwa vipande vipande kama vipuri, kisha ikaunganishwa karakanani, haina hati inayoitaja kuwa ni pikipiki. Mwenyewe aweza kununua taa bora kuliko zote za Malindi, na bado asipate namba.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hatazami injini kwanza. Huinama akasoma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, akasoma na namba ya injini, akazilinganisha na hati herufi kwa herufi. Ikiwa pikipiki ilikwisha andikishwa, huomba NTSA imwonyeshe jina la mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi moja. Namba ikiwa imesuguliwa au imegongwa upya, na aiache pikipiki hapo hapo ilipo. Hakuna fundi awezaye kuitibu kasoro hiyo, na mwenye kukutwa nayo aweza kuulizwa habari za wizi asioujua.

Kazi ya fundi

Hati zikiwa safi, ndipo fundi aitwe. Pikipiki nyingi za mashindano zina koili inayotoa umeme wa kutosha kuwasha plagi tu, wala hautoshi taa. Kufunga taa bila kuongeza umeme ni sawa na kuteka maji katika kisima kikavu. Fundi hana budi kuisuka upya koili au kuweka nyingine, kisha aweke betri pamoja na kifaa cha kutawala umeme ili balbu zisiungue.

Baada ya hayo hufuata taa nyeupe ya mbele, taa nyekundu ya nyuma, na taa ya breki iwakayo kwa breki ya mkono na ya mguu. Hufuata indiketa, honi, vioo vya kutazamia nyuma, spidomita, na mahali imara pa kufungia bamba la namba. Bomba la moshi la mashindano, ambalo kelele zake huamsha kijiji kizima, libadilishwe. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zakataza makelele yapitayo kiasi. Mipira nayo isisahauliwe. Meno marefu yanayouma mchanga vizuri hushika lami kidogo, hasa mvua inaponyesha, na breki ikikamatwa ghafula pikipiki huteleza.

Tena pikipiki nyingi za namna hii zina kiti cha mtu mmoja. Sheria hairuhusu abiria zaidi ya mmoja, naye sharti apande kwa kutanua miguu juu ya kiti cha haki kilichofungwa imara nyuma ya dereva. Mahali pasipo na kiti hicho, mke au mtoto asipakiwe.

Bima na leseni

Mwenye pikipiki hana budi kuwa na leseni ya daraja la A2, na afanyaye kazi ya bodaboda awe na ya A3. Kofia ngumu na koti la kung’aa ni lazima. Bima ya kuwalinda watu wengine ni lazima vile vile, wala si karatasi ya kumwonyesha askari tu. Mtoto akigongwa karibu na Gede, pikipiki ikawa haina namba wala bima, hapana kampuni itakayomlipa mzazi wake. Deni hilo humwangukia mwendeshaji, naye aweza kupoteza shamba lake kwa safari ya dakika kumi.

Njia iliyo nyepesi

Kuna pikipiki zilizozaliwa na tabia zote mbili. Mwaka 1968 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa DT-1, mashine ya porini iliyokuwa na taa zake tangu kiwandani, na kampuni nyingine zikaifuata njia hiyo. Pikipiki za ukoo huo ndizo zilizowabeba mabwana shamba na maafisa wa afya wengi katika Afrika ya Mashariki. Zina nguvu kidogo kuliko za mashindano, lakini injini zake huvumilia kazi ya kila siku, ilhali injini ya mashindano hudai pistoni mpya baada ya saa chache za kukimbizwa.

Mkulima apimaye bei ya mashine rahisi na ajumlishe koili, betri, taa, mipira, bomba na siku za kufuata hati. Aghalabu ataona urahisi ule umekwisha. Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwenye pikipiki naye, hata akizunguka kwa mafundi wote wa Kilifi, marejeo yake ni kwenye namba ile iliyogongwa shingoni mwa fremu.