Nilikuwa mtu wa butiki, Karume ikanibadilisha



Kabla sijaanza kuuza nguo mtandaoni, nilikuwa yule mteja mnayemtafuta: ana mshahara, haombi punguzo. Nguo zangu nilinunua butiki moja tu hapa Dar. Blauzi laki na nusu, nalipa, napewa mfuko mgumu wenye kamba, naondoka. Mitumba niliona ni ya watu wengine.

Siku moja mwenzangu kazini akaja na koti la kitani, limekaa vizuri hadi nikamuuliza kanunua butiki gani. Akacheka. "Karume, shoga. Elfu nane." Jumamosi akanipeleka.

Nilienda na viatu vya visigino, mnaweza kucheka. Muuzaji kasimama juu ya meza, "Dada chagua, tano tano!" Nikaanza kuchambua kwa aibu. Baada ya nusu saa aibu imeisha, nina sketi ya sufu mkononi, ina bitana na mishono imenyooka. Ile niliyonunua butiki, kumbe, ilikuwa poliesta tupu. Nilikuja kujua nyumbani kwa kuchoma uzi. Chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, uuwashe. Pamba na kitani vinanuka kama karatasi inayoungua, sufu inanuka nywele, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Mtasema bei ndiyo ilinivuta. Ilinifurahisha, lakini kilichonirudisha Jumamosi iliyofuata ni raha ya kuipata mwenyewe nguo ambayo haina ya pili. Uingereza kuna maduka ya TK Maxx, la kwanza lilifunguliwa Bristol mwaka 1994. Wananunua mizigo iliyobaki kwenye kampuni za nguo, wanauza kwa punguzo. Ukiona kitu leo, kesho huenda hukikuti. Na wenye hela zao wanaingia humo kuchambua kama mimi pale Karume.

Sasa kwa nini nilikaa miaka nikilipa laki na nusu? Woga. Niliogopa madoa, saizi, kupigwa. Butiki nilikuwa nailipa inindolee wasiwasi. Karume woga uliisha kwa sababu nguo nilikuwa nayo mkononi, naigeuza nje ndani. Mteja wako wa mtandaoni hana nafasi hiyo.

Hilo nililijua halafu nikalisahau. Nilipoanza kuuza, nikapata gauni la hariri lenye doa dogo kwapani. Nikalipiga picha upande wa pili. Aliyelinunua ni mama mmoja aliyekuwa ameshachukua nguo tatu kwangu bila kuomba kupunguziwa hata mia. Akalirudisha kwa bodaboda. Hakutukana, hela hakudai, na hakununua tena. Nikikumbuka bado naumia.

Siku hizi napiga picha lebo, zipu, pindo na kwapa. Kasoro naipiga kwa karibu kabisa, naiandika na bei naishusha. Kifua, kiuno na urefu napima kwa futi ya fundi, maana saizi za lebo zinachanganya: 12 ya Uingereza kwa kawaida ni 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya. Anayevaa 12 akiona 8 anapita tu, na nguo ilikuwa yake.

Bei naiweka palepale kwenye picha. Hii ya "bei njoo inbox" mimi kama mteja ilikuwa inanikimbiza, yaani nilihisi mtu anataka kwanza anipime mfuko ndiyo aniambie. Simlaumu anayefanya hivyo kwa kuogopa washindani, ila anawafukuza wale wanaolipa bila maneno.

Mfuko mgumu wenye kamba sijanunua. Nafua, napiga pasi, nakunja kwenye karatasi nyeupe. Mteja akifungua akutane na harufu ya sabuni, isiwe ile harufu ya belo.