Sukari yenye rangi yafichua viini hai vya kifua kikuu

KWA zaidi ya miaka 100, makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu yamekuwa yakipakwa rangi na kuchunguzwa kwa hadubini. Tatizo ni kwamba rangi hiyo hushika viini vilivyo hai na vilivyokufa bila kubagua. Ndiposa mgonjwa aliyemeza dawa kwa miezi miwili huweza kuambiwa kwamba bado ana viini, ilhali vinavyoonekana ni mizoga mitupu. Mashine za kisasa zinazotafuta jeni za kiini nazo hunasa jeni za mizoga hiyo. Kuotesha viini maabarani ili kuujua ukweli huchukua majuma kadhaa.

Ufumbuzi mmoja umetokana na sukari.

Kiini cha kifua kikuu hujifunika kwa ganda la nta lililoshikamana na sukari iitwayo trehalosi. Sukari hii hupatikana pia katika uyoga na katika damu ya wadudu, lakini mwili wa binadamu hauitengenezi. Kwa kinga yetu, basi, hiyo ni alama ya mgeni. Mnamo 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba seli za kinga zinazomeza vijidudu zina kipokezi, kwa jina Mincle, kinacholitambua ganda hilo na kuzichochea seli zipambane. Ajabu ni kuwa kiini kikishamezwa huweza kuendelea kuishi ndani ya seli iyo hiyo iliyokuja kukiangamiza.

Mnamo 2011 kundi lililowashirikisha wanasayansi wa Oxford, Uingereza, liliiunganisha trehalosi na rangi inayong'aa. Kiini hakikung'amua hila hiyo. Kiliichukua sukari, kikajijengea ganda, nacho kikaonekana kiking'aa hata ndani ya seli za kinga. Hata hivyo, rangi iliyosalia nje ya kiini ilikuwa ikimetameta pia, hivyo ilibidi kuiosha kwanza.

Aliyeikwepa kero hiyo ni Mireille Kamariza, mzaliwa wa Burundi, alipokuwa akisomea uzamifu nchini Marekani chini ya Carolyn Bertozzi, mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2022. Rangi waliyoichagua, DMN, hufifia ikiwa majini na kuwaka inapopenya kwenye mafuta ya ganda. Hakuna haja ya kuosha. Utafiti wao wa 2018, uliotumia pia makohozi ya wagonjwa wa Afrika Kusini, ulionyesha kuwa viini vilivyouawa havikung'aa, na kwamba viini vikitiwa dawa, mwangaza hupungua.

Ni mapema kushangilia. Viini vingine vya ukoo huo pia hutumia trehalosi, kwa hivyo mwangaza pekee hauthibitishi ugonjwa. Isitoshe, hadubini huhitaji maelfu ya viini katika kila mililita ya makohozi, na watoto na wenye virusi vya Ukimwi mara nyingi hawana viini vingi kiasi hicho.

Atakayefaidika zaidi, kwa maoni yetu, ni mgonjwa ambaye tayari ameanza matibabu ya miezi sita. Iwapo viini vyake vingali vinaila sukari baada ya majuma machache, daktari ana sababu ya kushuku usugu na kubadilisha dawa kabla wa nyumbani mwake hawajaambukizwa.