Nyenzo za Kusimamia Miradi ya Kufundisha Lugha kwa Tarakilishi

Utangulizi

Kumfundisha mwanafunzi aliye mbali na mwalimu wake si jambo geni nchini Kenya. Mnamo mwaka wa 1967 kitengo cha masomo kwa njia ya posta kilianzishwa huko Kikuyu, chini ya chuo ambacho mwaka wa 1970 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walisoma vijitabu vilivyopigwa chapa, wakasikiliza vipindi vya redio na kutuma mazoezi yao ili yasahihishwe. Msimamizi wa masomo ya namna hiyo hana budi kujua ni nani aandikaye somo, ni nani asahihishaye zoezi, na ni baada ya siku ngapi jibu litamrudia mwanafunzi. Tarakilishi na intaneti zimebadili chombo cha kufundishia, lakini maswali hayo matatu yangalipo.

Uzito wa maswali hayo ulidhihirika mwezi wa Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, na walimu wakatakiwa kuhamishia mafunzo mtandaoni kwa muda mfupi mno. Hapo ilibainika kwamba kuwa na chombo ni jambo moja, na kuusimamia mradi ni jambo jingine. Makala haya yanaeleza nyenzo zifaazo katika usimamizi huo, kwa kuchukua mfano wa idara inayotaka kuandaa kozi ya Kiswahili. Kipimo cha kila nyenzo kitakuwa kimoja: je, yauwezesha mradi kuendelea baada ya fedha za ufadhili kwisha na mwalimu aliyeuanzisha kuondoka?

Mpango wa kazi

Nyenzo ya kwanza ni mpango, nao hauhitaji hata umeme. Utaratibu ujulikanao sana ni ule uliotungwa mwaka wa 1975 katika Chuo Kikuu cha Florida State, Marekani, kwa ajili ya mafunzo ya jeshi. Una hatua tano: kuchanganua mahitaji, kusanifu, kutayarisha, kutekeleza na kutathmini. Miradi mingi huirukia hatua ya tatu. Idara hununua vyombo na kuanza kurekodi kabla ya kujua kama mwanafunzi atasoma kwa tarakilishi au kwa simu ya mkononi, na kama amezoea Kiswahili cha nyumbani au anaanza kujifunza salamu.

Kando ya hatua hizo yafaa pawe na jedwali la kazi linaloonyesha kila kazi, mwenye kuifanya, siku ya kuianza na siku ya kuimaliza. Jedwali hilo laweza kuchorwa kwenye karatasi. Faida yake ni kwamba mhariri akichelewa, kila mtu huona ni kazi zipi nyingine zitakazochelewa naye.

Vyombo

Katika vyombo, idara yapaswa kutanguliza vile visivyolipiwa leseni ya kila mwaka. Moodle, programu iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia na kutolewa rasmi mwaka wa 2002, huweka masomo, mazoezi na alama za wanafunzi mahali pamoja. Audacity hutumika kurekodi na kuhariri sauti. Kolibri huwezesha masomo kusomwa mahali pasipo na intaneti, baada ya kupakiwa kwenye tarakilishi moja inayowahudumia wanafunzi wa chumba kizima.

Hata hivyo, kutolipia leseni si kutogharimu. Seva huhitaji mtunzaji, na mwanafunzi hununua data. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 29. Saa moja ya video ya megabiti 1 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 450. Mwanafunzi anayejifunza kutofautisha *dhamana* na *zamani*, au *ghali* na *gari*, ahitaji zaidi sauti iliyo safi kuliko sura ya mwalimu. Basi uchaguzi wa sauti badala ya video huweza kuwa ndio uchaguzi wa kumbakiza mwanafunzi maskini darasani.

Haki na kumbukumbu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila andiko, picha na sauti iingiayo katika kozi yapasa kuandikwa: imetoka wapi, ni mali ya nani, na yaruhusiwa kutumiwaje. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka wa 2002, humwezesha mwenye kazi kutangaza mapema ruhusa anazotoa, ili mwalimu mwingine asilazimike kumtafuta.

Jambo hili lazihusu sana idara za lugha za Kiafrika. Mtambaji wa ngano akirekodiwa kijijini, si haki sauti yake kuenezwa bila idhini yake. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, na vilevile sheria ya mwaka wa 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni za jamii. Nazo alama na taarifa za wanafunzi zimo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019.

Kadhalika, nakala ya kozi nzima ihifadhiwe nje ya seva, katika umbo linaloweza kufunguliwa na programu nyingine. Neno la siri la msimamizi lisijulikane na mtu mmoja tu, kwani mtu huyo akihama, kozi huweza kufungika kama nyumba ambayo mwenyewe amesafiri na ufunguo.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba nyenzo zenye manufaa makubwa si lazima ziwe zile za gharama kubwa. Jedwali la kazi, daftari la haki, nakala ya akiba na mtunzaji aliyetengewa mshahara katika bajeti ya kawaida ya idara ndivyo viushikiliavyo mradi. Idara isiyo na hivyo yaweza kuzindua kozi nzuri, lakini yule mwanafunzi atumaye zoezi lake mwaka unaofuata hatapata wa kumjibu.