Kukokota Mpira au Kupasiana? Mjadala wa Milimani Kasese

Pambano la kandanda baina ya shule mbili za Wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, huanza kabla ya filimbi kupulizwa. Huanza jioni ya kuamkia mchezo, barazani pa duka au chini ya migomba, na swali linalowagawa watu ni lile lile: vijana waambiwe wakimbie na mpira, au wapasiane?

Katika vilima vya Mahango wanaotetea mbio wana hoja. Huko ardhi tambarare ni adimu. Kahawa na migomba imeishika miteremko, na pasi iliyokosewa huporomoka bondeni, ikamngoja wa kuifuata. Mtoto aliyeanza na mpira wa majani makavu ya migomba hujifunza mapema kuuweka karibu na mguu wake, na akifika shule ya sekondari si rahisi kumnyang'anya.

Lakini timu hiyo ikishuka kucheza Bwera, au mjini Kasese, mambo hubadilika. Uwanja ni sawa zaidi na jua ni kali zaidi. Kijana aliyewapiga chenga walinzi watatu katika dakika ya 10, ifikapo dakika ya 70 aghalabu huonekana ameshika magoti. Mpira hauchoki, mchezaji huchoka. Ndiyo sababu walimu wengi wa michezo husisitiza pasi fupi, chini kwa chini.

Yupo tena mzazi, na hapa ndipo mjadala unapouma. Nchini Uganda mchezaji hodari huweza kupunguziwa karo na shule inayomtaka. Kwa familia yenye watoto watano na shamba moja la kahawa, hilo si jambo dogo. Basi baba asimamaye kando ya mstari akipaza sauti, "Kimbia nao!", hana ugomvi na mbinu za mwalimu. Anataka mwanawe aonekane. Mwenye kukokota mpira huonekana. Aliyetoa pasi safi husahauliwa kabla mpira haujatua wavuni.

Wanaotetea mbio hupenda pia kumtaja Phillip Omondi, fundi wa chenga. Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1978 nchini Ghana, Omondi alifunga mabao 3, na Uganda ikaishinda Nigeria 2-1 katika nusu fainali kabla ya kufungwa 2-0 na wenyeji katika mchezo wa mwisho. Ni kweli tupu. Ila hata Omondi alihitaji mtu wa kumpa mpira.

Wamarekani wana mabishano ya namna hii katika mchezo wao wa vyuo, ambao mpira hubebwa mikononi. Kurusha mpira mbele kuliruhusiwa mwaka 1906, lakini timu nyingi ziliendelea kutegemea mbio na mabavu. Mnamo tarehe 1 Novemba, 1913, chuo cha jeshi cha West Point kilikaribisha Notre Dame na kushindwa 35-13. Gus Dorais na Knute Rockne wa Notre Dame walikuwa wameitumia likizo yao kufanya mazoezi ya kurusha na kudaka ufukweni mwa Ziwa Erie. Lisilosimuliwa sana ni kwamba wanajeshi walipotawanyika kuiwahi mipira ya kurushwa, katikati palibaki wazi, na Notre Dame wakapapita kwa mbio. Pasi ndiyo iliyowafungulia njia wakimbiaji.

Askari yeyote aliyepata kusonga mbele huku mwenzake akimlinda ataielewa habari hiyo bila kuchorewa ubaoni.

Kwa hiyo timu ya milimani haina sababu ya kuitupa silaha yake. Katika kipindi cha kwanza, miguu ingali mibichi, ipasiane upande mmoja mpaka walinzi wasogee huko. Kisha mpira uvushwe haraka kwa winga wa upande wa pili, na hapo aachiwe akimbie apendavyo. Mkimbiaji mmoja hodari awekwe benchi hadi dakika ya 60, walinzi wanapoanza kutembea. Baba yake atanung'unika kwa saa nzima. Ni afadhali mwalimu amweleze jambo hilo mapema, jioni ile ile barazani, kuliko kumwacha aligundue uwanjani.