Fangasi Wanaorudi: Chakula Kinaweza Nini?

Kandida albikansi ni fangasi wa jamii ya hamira. Huishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya njema bila kuwadhuru, kwa kuwa bakteria wema na kinga ya mwili humzuia asizaliane kupita kiasi. Ulinzi huo ukilegea, huongezeka na kuleta ugonjwa. Wanawake watatu kati ya wanne hupata fangasi wa ukeni angalau mara moja maishani. Dalili zake ni muwasho mkali, maumivu wakati wa kukojoa na uchafu mweupe mzito mfano wa maziwa mgando. Mdomoni huonekana kama utando mweupe kwenye ulimi na mashavu.

Kinacholegeza ulinzi mara nyingi ni antibayotiki, kwani huua bakteria wema pamoja na wabaya. Ujauzito, kisukari, dawa za jamii ya steroidi na Virusi vya UKIMWI (VVU) huchangia pia. Katika mji wa mpakani kama Tunduma, Tanzania, ambako malori ya kwenda Zambia na Kongo husubiri foleni na watu wengi wako safarini, ni rahisi mtu kununua vidonge vya antibayotiki dukani kwa kile anachokiita “UTI sugu” bila kupimwa. Muwasho ukizidi, hununua vingine, na ndivyo fangasi anavyozidi kustawi.

Ushauri unaosikika zaidi ni kuacha sukari, mikate na maandazi. Mlo huo ulipata umaarufu Marekani kupitia kitabu cha daktari William Crook cha mwaka 1983, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 1999 uliwapa watu wenye afya chakula chenye sukari nyingi, na kiasi cha kandida mwilini mwao kilibadilika kidogo tu. Hamira ya maandazi nayo ni fangasi wa aina nyingine, tena hufa kwenye mafuta ya moto.

Kwa mwenye kisukari hali ni tofauti kabisa. Sukari inapopanda kwenye damu na mkojo, kandida hupata chakula na kinga hudhoofika. Hapo sahani ina kazi ya kweli: soda na chai yenye sukari nyingi ziachwe, tonge la ugali lipungue na liwe la dona, maharage na mboga za majani viongezeke. Katika wilaya za Mbozi na Ileje vyakula hivyo hulimwa shambani, havihitaji fedha ya virutubisho vya kopo.

Mtindi na togwa vina bakteria wa asidi ya laktiki, na ni vyakula vizuri. Hata hivyo bakteria hao si lazima wawe wale wanaolinda uke. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2017 yaliona kwamba vidonge vya bakteria wema vikitumika pamoja na dawa ya fangasi huenda vikasaidia kidogo kwa muda mfupi, ila ubora wa ushahidi ulikuwa mdogo. Kitunguu saumu huua kandida kwenye maabara. Jaribio la Australia la mwaka 2014, lililowapa wanawake vidonge vyake, halikuonyesha tofauti ya maana. Kukila kwenye mboga hakuna tatizo. Kukiweka ukeni huunguza, na hilo lisifanywe kamwe. Mafuta ya mwarobaini nayo yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo walionyweshwa.

Kabla ya tiba yoyote, kipimo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulibaini kwamba kati ya wanawake waliojinunulia dawa ya fangasi, takriban theluthi moja tu ndio waliokuwa na fangasi peke yake; wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria, trikomonasi au hawakuwa na ugonjwa. Kuangalia uchafu kwa hadubini huondoa shaka hiyo. Fangasi wa kawaida hutibiwa kwa klotrimazoli ya kuweka ukeni au flukonazoli ya miligramu 150 mara moja. Mjamzito hutumia ya kuweka ukeni kwa siku saba na huepuka vidonge vya kumeza. Mtoto mchanga mwenye utando mdomoni hupewa matone ya nistatini, na chuchu za mama hutibiwa pamoja naye. Asali asipakwe: kabla ya kutimiza mwaka mmoja inaweza kumletea sumu ya botulizimu.

Fangasi wanaorudi mara tatu au zaidi kwa mwaka, au utando mdomoni kwa mtu mzima, wanadai kupimwa sukari na VVU. Nyanda za Juu Kusini zimekuwa miongoni mwa maeneo yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na kwa mwenye VVU, utando ukishuka hadi kwenye umio, kumeza huuma na ugonjwa huhesabiwa kuwa umefikia hatua ya UKIMWI. Dawa za kufubaza VVU zikianza mapema, kinga hupanda na kandida hurudi kuwa mkazi asiye na madhara. Kwa mwanamke asiye na kisukari wala VVU ambaye fangasi bado hurudi, daktari anaweza kumpa flukonazoli mara moja kwa wiki kwa miezi sita.