Kani Iliyojificha Kati ya Makasha

Makasha mawili ya mbao yamegusana kwenye sakafu ya ghala. La kushoto lina kilo 30, la kulia kilo 10. Kuli anasukuma la kushoto kwa kani ya nyutoni 200 na yote mawili yanateleza. Je, wajua kasha dogo linasukumwa na mwenzake kwa kani kiasi gani? Wengi hujibu 200. Jibu ni 50.

Tuseme msuguano ni sehemu 3 kati ya 10 za uzito wa kila kasha, na kila kilo ina uzito wa karibu nyutoni 10. Sakafu inalizuia kubwa kwa nyutoni 90 na dogo kwa 30. Zinabaki 80 za kuchapusha kilo 40. Kwa kanuni ya pili ambayo Newton aliichapisha mwaka 1687, kasi inaongezeka kwa mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde. Sasa litazame dogo peke yake: linahitaji nyutoni 30 za kushinda msuguano na 20 za kuchapuka. Ndizo hizo 50.

Kwa kanuni ya tatu, dogo nalo linalisukuma kubwa kwa 50. Mbona hazifutani? Kwa sababu kila moja inatenda juu ya kasha tofauti. Wanafunzi wengi hukwama hapa, na dawa ninayoiamini ni kuchora kila kasha kivyake, pamoja na mishale ya kani zinazoligusa hilo tu.

Kinachonifurahisha zaidi ni hiki: uondoe msuguano wote, makasha yatachapuka zaidi, lakini kani baina yao itabaki 50. Msuguano na ukaidi wa kuchapuka vyote hufuata kilo, na dogo lina robo ya kilo zote, basi hupata robo ya msukumo. Ukilifunga dogo magurudumu, uwiano huo unavunjika. Kani inashuka hadi karibu 27.5.

Kuli akisukuma kutoka upande wa dogo, mwendo ni uleule, ila yanapogusana panabanwa kwa nyutoni 150, mara tatu. Kama mbao ni nyembamba, asukumie upande wa zito.

Na akisukuma zito kwa 80 tu? Hakuna kinachosogea. Msuguano wa kasha kubwa unaweza kuzimeza zote, dogo lisipate hata nyutoni moja.