Kumbukumbu za miamba ni kinga ya wakwezi

KUKWEA miamba ni mchezo usiohitaji uwanja wala refa. Hata hivyo, hauwezi kuchezwa kwa usalama pasipo kumbukumbu sahihi za kila jabali na kila njia ya kulipanda.

Nchini Kenya, kazi ya kuweka kumbukumbu hizo ilifanywa kwa miaka mingi katika vitabu vya mwongozo vya Mountain Club of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka wa 1949. Vitabu hivyo vilieleza njia za Mlima Kenya pamoja na za miamba mingine, mathalan ile ya Lukenya, karibu na Athi River, na ya Hell's Gate, Naivasha.

Siku hizi wakwezi wenyewe hujaza orodha katika mtandao wa intaneti. Kila njia huandikiwa jina, mahali ilipo, urefu, kiwango cha ugumu, vifaa vinavyohitajika na jinsi ya kuteremka.

Kati ya hayo, urefu ndio usiosamehe makosa. Mkwezi anayeteremshwa na mwenzake kutoka juu hutumia kamba iliyo mara mbili ya urefu wa njia. Njia ya mita 30 huhitaji kamba ya mita 60 au zaidi. Orodha ikisema mita 25, atakayekuja na kamba ya mita 50 huenda akaanguka pale ncha itakapomponyoka mwenzake. Ndiyo maana wazoefu hufunga fundo mwishoni mwa kamba.

Ugumu, kwa upande wake, ni suala la maoni. Majabali mafupi yanayokwewa bila kamba, huku godoro likitandikwa chini, mara nyingi hupewa viwango vya V0 hadi V17, utaratibu uliozaliwa Hueco Tanks, jimbo la Texas, Marekani. Mtu mrefu huweza kukiona chepesi kile kinachomshinda mfupi. Hivyo, maoni ya wengi huaminika kuliko ya mmoja.

Aidha, orodha nzuri hutaja hata mahali pasipofaa kukwewa. Miamba ya Hell's Gate ni mazalio ya tumbusi wa Rüppell, ndege ambao tangu mwaka wa 2015 wameorodheshwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kuangamia. Wakisumbuliwa wakati wa kuatamia, huweza kuacha yai. Vilevile, miamba iliyo katika mashamba ya watu huhitaji idhini ya wenyewe.

Hata hivyo, mwamba hubadilika. Mvua hulegeza mawe, navyo vyuma vilivyopigiliwa hushika kutu. Kwa hiyo msomaji hana budi kutazama tarehe ya maelezo, kisha awaulize wenyeji kabla ya kufunga kamba. Kuuliza si ujinga.